Abu Hureyra: kijiji kilichotangulia shamba

Kilima cha Abu Hureyra hakionekani tena. Kilikuwa kaskazini mwa Syria, kwenye ukingo wa kusini wa Mto Frati, umbali wa kilomita zipatazo 120 mashariki ya mji wa Aleppo, na tangu katikati ya miaka ya 1970 kimelala chini ya Ziwa Assad, ziwa lililotokana na ujenzi wa bwawa la Tabqa. Kabla maji hayajapanda, mwanaakiolojia Andrew Moore na wenzake walipata misimu miwili tu ya kuchimba, wa mwaka 1972 na wa 1973, wakafungua mitaro 7 katika kilima chenye zaidi ya hekta 11, ambacho vifusi vyake vya nyumba juu ya nyumba vilifikia kina cha mita 8 hivi. Sehemu kubwa ya kilima haikuguswa na jembe la mchimbaji, wala haitaguswa. Hata hivyo, miongoni mwa maeneo yote yanayotajwa panapozungumzwa juu ya mwanzo wa kilimo katika Asia ya Magharibi, ni machache mno yanayotupa kile ambacho Abu Hureyra inatupa, yaani mahali pamoja ambapo watu walianza wakiwa wawindaji na wachumaji wa mimea ya porini, wakaishia kuwa wakulima na wafugaji, huku taka zao, makaa yao na mifupa yao ikirundikana palepale kwa zaidi ya miaka 5,000.

Masimulizi tuliyozoea kuhusu mwanzo wa kilimo yana mpangilio wake. Binadamu alikuwa akitangatanga akiwinda na kuchuma matunda, kisha akatambua kwamba mbegu iliyoanguka huota, akalima, na kwa kuwa shamba halibebeki mgongoni, akalazimika kutulia, akajenga nyumba, na kijiji kikazaliwa. Gordon Childe, mwanaakiolojia aliyeyapa mabadiliko hayo jina la mapinduzi katika miaka ya 1930, alionya yeye mwenyewe kwamba kulima na kukaa mahali pamoja ni mambo mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Jina lake la mapinduzi likaenea, onyo lake likasahaulika. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba huko Abu Hureyra kijiji ndicho kilichotangulia na shamba likafuata, na kwamba kilimo hakikuwajia watu wasiojua mimea bali kilikuwa kazi ya ziada waliyoikubali watu walioijua mimea kupita kiasi, kwa sababu hawakutaka, au hawakuweza tena, kuhama kwao.

Kijiji bila shamba

Wakazi wa kwanza walifika takribani miaka 13,000 iliyopita, pengine zaidi kidogo. Walichimba mashimo ya mviringo yaliyopakana na kuingiliana, wakasimika nguzo za miti kuyazunguka, na juu yake wakaezeka matete. Mtu aliyeingia ndani alishuka chini ya usawa wa ardhi, mahali penye hifadhi dhidi ya upepo wa baridi wa nyika. Baada ya vizazi kadhaa waliyafukia mashimo hayo na kujenga vibanda vya miti na matete juu ya ardhi. Wachimbaji wanakadiria kwamba kijiji hicho cha mwanzo kilikuwa na watu kati ya 100 na 200, idadi ambayo si ndogo hata kidogo kwa jamii isiyolima chochote, kwa kuwa makundi mengi ya wawindaji tunayoyafahamu hukaa pamoja kwa idadi kubwa kama hiyo kwa majira fulani tu, kisha hutawanyika.

Mahali palichaguliwa na watu wenye kujua. Mbele ya kijiji kulikuwa na bonde la mto lenye miti, matete na udongo wenye maji; nyuma yake kulianza nyika pana ambayo, katika hali ya hewa ya wakati ule iliyokuwa na mvua nzuri, iliota ngano mwitu na nafaka nyingine, na mbali kidogo kulikuwa na miti ya matunda na kokwa. Tena kila mwaka, katika majira ya kuchipua, makundi ya swala yalipita karibu yakielekea kaskazini. Kwa mwendo wa miguu tu mtu aliweza kufikia ghala tatu ambazo hakuna aliyezijaza.

Tunayajua haya kwa sababu ya uamuzi mmoja uliofanywa na wachimbaji, nao ni uamuzi ninaouona kuwa wa thamani kuliko kitu chochote kilichofukuliwa pale. Waliamua kuusafisha udongo wenyewe. Udongo ulimwagwa katika vyombo vya maji. Mchanga na mawe yakazama, na mbegu zilizoungua katika meko ya kale na kugeuka makaa zikaelea juu, zikakusanywa kwa vyekecheo vyenye matundu madogo. Katika miaka ile wachimbaji wengi walikuwa bado wanautupa udongo baada ya kuokota zana za mawe na mifupa mikubwa. Mtaalamu wa mimea Gordon Hillman alitumia miaka mingi akizitazama mbegu hizo kwa darubini, akatambua kwamba wakazi wa mwanzo walikuwa wakitumia mimea ya aina zaidi ya 150. Miongoni mwake mlikuwa na ngano mwitu na rai, ambayo ni nafaka jamaa ya ngano, pamoja na adesi za porini, mbegu za majani ya nyikani, mbegu na mizizi ya mimea ya kando ya mto, na matunda ya miti ya jamii ya pistachio.

Orodha hiyo ina uzito wa pili. Mimea haiivi kwa wakati mmoja. Mingine huwa tayari majira ya kuchipua, mingine kiangazi, mingine mwishoni mwa mwaka kabla ya baridi. Mbegu za vipindi hivyo vyote zilikutwa katika makaa ya kijiji kilekile, na Hillman akahoji kwamba watu waliokuwepo tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa mwaka hawakuwa na sababu ya kuondoka wakati wa baridi, ambapo kibanda chenye joto na akiba ya chakula vingekuwa na faida kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, walikaa hapo mwaka mzima, bila kupanda hata punje moja.

Ukame unapobisha hodi

Kuanzia takribani miaka 12,900 iliyopita hadi karibu miaka 11,700 iliyopita, dunia, hasa upande wa kaskazini, ilirudi katika baridi kali na ukavu, kipindi ambacho wanasayansi hukiita Younger Dryas. Sababu yake ingali inabishaniwa. Mwaka 2020 Moore na wenzake walidai kwamba chembe za kioo kilichoyeyuka zilizopatikana Abu Hureyra ni dalili ya nyotamkia kupasuka angani wakati huo, dai lenye wapinzani wengi, na ambalo kwa vyovyote halibadilishi yaliyofuata kijijini. Kilicho muhimu ni kwamba nyika ilikauka, nao wakazi walikuwa tayari wamekita mizizi.

Makaa yanaonyesha mpangilio wa upotevu huo kana kwamba mtu alikuwa akifuta majina katika daftari. Kwanza yalipungua matunda ya miti, kwa maana miti ndiyo iliyorudi nyuma mapema zaidi mvua zilipoadimika. Kisha zikafuata adesi za porini na mimea mingine yenye mbegu kubwa isiyovumilia kiu. Baadaye zikapungua nafaka za porini zenyewe, ngano na rai. Mimea migumu ya nyika kavu, yenye mbegu ndogo na usumbufu mwingi wa kuiandaa, ilichukua nafasi, na baadaye nayo ikaanza kupungua. Katika kipindi hichohicho kuliongezeka mbegu za magugu ya aina ambayo, katika nchi kavu, hustawi hasa palipotifuliwa udongo.

Hapa ndipo Hillman alipoweka hoja yake kubwa. Nafaka zilizokuwa zimeanza kutoweka porini hazikupaswa kuendelea kuonekana katika meko ya kijiji, isipokuwa kama kulikuwa na mtu aliyezisaidia, yaani aliyezipanda katika vibonde vilivyobaki na unyevu na kuziondolea magugu yaliyozishinda nguvu. Zaidi ya hayo, baadhi ya punje za rai zilikuwa nene na kubwa kuliko za porini, zikifanana na za nafaka iliyokwisha kufugwa na binadamu. Punje chache zilipopimwa umri kwa njia ya kaboni 14, zilionekana kuwa za kipindi cha ukame wenyewe, na katika chapisho la mwaka 2001 Hillman na wenzake wakatangaza kwamba huenda huo ndio mwanzo wa kilimo wa zamani kuliko wote ulioweza kuthibitishwa.

Ni lazima kusema waziwazi kwamba dai hilo halikupita bila kupingwa, na wapinzani wake hawakukosa hoja. Punje zenyewe ni chache. Unene wa punje si ushahidi wenye nguvu kama ule wa shina la suke, ambalo huonyesha kama mbegu zilipukutika zenyewe au zilitenganishwa kwa kupurwa. Tena katika kilima kilichochimbwa na panya, mizizi na binadamu kwa maelfu ya miaka, punje ndogo huweza kuteremka kutoka tabaka la juu hadi la chini, na baadhi ya punje zilizodhaniwa kuwa za wakazi wa mwanzo zilipopimwa zilionekana kuwa za wakulima wa baadaye sana. Mwaka 2010 Sue Colledge na James Conolly waliyapitia upya matokeo yote, wakahoji kwamba kuongezeka kwa mbegu ndogo hakulazimu kuwepo shamba; watu wenye njaa hupanua orodha ya vyakula na kula hata vile walivyovidharau siku za neema, na magugu ya Hillman huenda yalikuwa chakula.

Nionavyo mimi, pingamizi hilo linalidhoofisha dai la rai kuwa zao la kwanza duniani, lakini halikigusi kiini cha kisa. Iwe walipanda rai au walipanua chakula chao hadi kwenye mbegu za taabu, wakazi wa Abu Hureyra walijibu ukame kwa kuongeza kazi badala ya kuhama. Mababu zao wangekunja vitu vyao na kufuata mvua. Kwa nini hawa hawakufanya hivyo? Majirani walikuwepo katika mabonde mengine, wakikabiliwa na shida ileile. Jamii iliyokaa mahali pamoja kwa vizazi ina wazee wasioweza mwendo mrefu na watoto wanaofuatana kwa karibu kuliko wale wa jamii inayohama, ambamo mama hawezi kubeba wawili. Ina mawe mazito ya kusagia ambayo hayabebeki. Ina makaburi. Maarifa yenyewe hufunga watu: anayejua kila kichaka kwa umbali wa nusu siku kuzunguka kijiji chake ni tajiri pale alipo, na ni mgeni asiyejua chochote akishavuka mpaka huo.

Suke lisilopukutika

Ili kuelewa kwa nini mabishano kuhusu punje chache yana uzito, inafaa kukumbuka tofauti iliyopo kati ya ngano mwitu na ngano ya shambani. Suke la ngano mwitu likishaiva hupukutika lenyewe, mbegu zikatawanyika ardhini na kujipanda. Katika kila konde la porini huwa kuna masuke machache yenye kasoro ya kurithi, ambayo hayapukutiki. Porini kasoro hiyo ni kifo, kwa kuwa mbegu zake hubaki zimening'inia. Lakini mtu anayevuna kwa mundu, au kwa kung'oa, hupoteza mbegu za masuke yanayopukutika na kurudi nyumbani na zile zilizoshikilia. Akizipanda mwaka unaofuata, kasoro huwa sifa, na taratibu konde zima likajaa masuke yanayomngoja mvunaji.

Mwaka 1990 Hillman na Stuart Davies walionyesha kwa majaribio na hesabu kwamba badiliko hilo lingeweza kukamilika ndani ya miaka 20 hadi 200, mradi watu wavune kwa njia inayofaa na kupanda katika ardhi mpya. Ushahidi uliokusanywa baadaye kutoka maeneo mengi ya Asia ya Magharibi unaonyesha kwamba kwa kweli lilichukua miaka elfu moja au zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo ina maana. Kwa muda mrefu sana watu walipanda nafaka ambazo bado zilikuwa za porini kimaumbile. Labda walivuna mapema kabla hazijapukutika, labda walichanganya mbegu zao na zile walizochuma. Walikuwa wakulima kwa jasho lao ilhali mazao yao yalikuwa bado hayajawa mazao. Anayetafuta siku ambayo kilimo kilianza hataipata katika kipindi kama hicho.

Kijiji cha pili

Baada ya kipindi ambacho kijiji kilipungua, hali ya hewa ikiwa imekwisha kuwa nzuri tena, Abu Hureyra ilikua kwa namna isiyofanana kabisa na ya mwanzo. Kuanzia takribani miaka 10,600 iliyopita hapo palisimama nyumba za matofali ya udongo, za pembe nne, zenye vyumba kadhaa na sakafu zilizopigwa lipu, zikitenganishwa na vichochoro vyembamba. Wafu walizikwa chini ya sakafu na katika nyua. Idadi ya watu ilifikia maelfu. Makadirio ya juu hutaja watu 5,000 hadi 6,000. Katika meko sasa kulikuwa na ngano za kupandwa, shayiri, adesi, dengu na maharage, na idadi ya mimea ya porini ilikuwa imeshuka vibaya. Kijiji cha watu 200 kilikuwa kikila mimea zaidi ya 150. Mji wa maelfu ulitegemea michache inayohesabika kwa vidole.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa upande wa nyama hawakubadilika upesi hivyo. Anthony Legge na Peter Rowley-Conwy walipoichunguza mifupa ya wanyama walikuta kwamba karibu asilimia 80 ilikuwa ya swala, na kwamba uwiano huo uliendelea kwa muda mrefu hata baada ya mashamba kuenea. Meno yalieleza namna ya uwindaji wenyewe. Kulikuwa na swala wachanga waliozaliwa majuzi, kulikuwa na wa mwaka mmoja, na wakubwa, lakini wa umri wa katikati hawakuwepo, jambo linaloonyesha kwamba mauaji yalifanyika katika wiki chache za kila mwaka, yapata Aprili na Mei, makundi yanapopita. Kundi zima liliuawa kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Katika jangwa la Syria na Jordan yamebaki mabaki ya mitego ya kale iliyojengwa kwa kuta ndefu za mawe, inayoonekana kutoka angani kama tiara, ambamo wanyama walielekezwa kati ya kuta mbili hadi kwenye zizi lisilo na njia ya kutokea. Inadhaniwa kwamba mbinu ya namna hiyo ndiyo iliyotumika.

Zaidi ya miaka 9,000 iliyopita uwiano ukageuka ghafla. Swala wakawa wachache, kondoo na mbuzi wakawa ndio nyama ya kijiji. Kondoo na mbuzi wachache wa kufugwa walikuwepo tayari kwa karne nyingi, kwa hiyo wakazi hawakujifunza kufuga siku hiyo; walifuga kidogo kwa muda wote ambao swala walitosha, na wakafuga sana swala walipokwisha. Ni mpangilio uleule tuliouona kwa nafaka: ujuzi upo, lakini kazi haichukuliwi mpaka njia nyepesi ifungwe.

Kuhusu mifugo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 na Alexia Smith na wenzake umerudisha habari nyuma zaidi. Wakitumia udongo uliohifadhiwa tangu uchimbaji wa miaka ya 1970, walitafuta chembe ndogo mno za chokaa zinazotengenezwa ndani ya matumbo ya wanyama wanaokula majani na kutoka pamoja na samadi. Walizikuta karibu na vibanda vya kijiji cha kwanza, katika matabaka ya kati ya miaka 12,800 na 12,300 iliyopita, dalili kwamba wanyama hai walikuwa wakiwekwa nje ya makazi ya watu ambao kwa mambo mengine yote walikuwa wawindaji. Huenda waliwekwa kwa siku chache tu kabla ya kuchinjwa. Hata hivyo hapo pana chanzo cha wazo. Na jambo hili linatuhusu kwa karibu: kondoo na mbuzi hawana mababu wa porini katika Afrika kusini ya Sahara, wanaochungwa leo Dodoma, Kajiado au Karamoja ni uzao wa mifugo iliyofugwa kwanza huko Asia ya Magharibi, iliyoingia Afrika kupitia kaskazini na kufika bonde la Ziwa Turkana karibu miaka 5,000 iliyopita. Huku kwetu, tena, mfugaji alimtangulia mkulima kwa muda mrefu, ndiyo maana si haki kuichukua Abu Hureyra kuwa kielelezo cha dunia nzima.

Mifupa ya waliosaga

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mbegu na wanyama. Gharama yenyewe imeandikwa mahali pengine, katika viungo vya watu. Theya Molleson wa makumbusho ya historia ya viumbe ya London alichunguza mabaki ya watu wapatao 162 kutoka Abu Hureyra, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1994 ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo msomaji hawezi kuisahau.

Alikuta mifupa ya vidole gumba vya miguu iliyoharibika vibaya, viungo vyake vikiwa vimelika na kuota vinundu. Alikuta magoti yenye alama za kukandamizwa, pingili za chini za mgongo zilizoumia, na mifupa ya mikono yenye vishikizo vikubwa vya misuli, mkono wa kulia na wa kushoto sawia. Hakuna ugonjwa mmoja unaoshambulia viungo hivyo pekee kwa pamoja. Kuna kazi moja inayofanya hivyo. Mtu hupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia lililowekwa chini, akakunja vidole vya miguu ili vimpe nguvu ya kusukuma, akashika jiwe dogo kwa mikono yote miwili, akalisukuma mbele mpaka kiwiliwili kikaribie kulala, kisha akajivuta nyuma kwa nguvu za mgongo na vidole vilivyokunjwa. Halafu anarudia. Chakula cha nyumba moja kwa siku moja kilihitaji saa kadhaa za mwendo huo, na nafaka iliyosagwa haikukaa, kwa hiyo kesho yake kazi ilianza upya.

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, kabla ya mashine za kusaga kuenea, wapo bibi zetu waliosaga mtama, uwele na ulezi kwa mkao huohuo, na msomaji aliyewaona akina bibi hao wakijishika kiuno wanapoinuka hahitaji kuelezwa zaidi maana ya pingili zilizolika.

Molleson alipoipima mifupa ya vidole gumba vya miguu ili kutenganisha wanawake na wanaume, ilionekana kwamba walioumia zaidi walikuwa wanawake, na wasichana pia, kwa kuwa mifupa ya baadhi ya vijana ilikuwa imeanza kubeba alama hizo. Vijana wengine walikuwa na pingili za shingo zilizopanuka, dalili ya kubeba mizigo kichwani. Hapa najiuliza swali ambalo mijadala ya mbegu na hali ya hewa mara nyingi hulipita haraka: tunaposema kwamba kijiji kilikubali kazi ya ziada, ni nani hasa aliyekubali, na ni nani aliyeifanya? Mabaki hayatuambii kilichosemwa katika nyumba zile. Yanatuambia tu kwamba uzito wa uamuzi haukugawanywa sawa, na kwamba mzigo uliangukia magoti ya akina mama na mabinti zao.

Meno yana habari yake. Unga uliosagwa juu ya jiwe huchanganyika na chembe za jiwe lenyewe, na punje zilizosalia nzima ni ngumu. Wakazi wengi walikuwa na meno yaliyosagika mpaka karibu na ufizi, na mengine yamevunjika wangali vijana. Baadaye meno yakaanza kuwa na hali nzuri zaidi, na Molleson alihusisha nafuu hiyo na vyekecheo vya kusuka, vilivyotenga makapi na changarawe. Miongoni mwa watu wachache waliozikwa katika eneo moja la kijiji, meno ya mbele yana mifereji midogo, kana kwamba kwa miaka mingi walipitisha nyuzi za majani au matete kati ya meno wakati mikono ikisuka. Hao walikuwa mafundi, na fundi ni mtu anayelishwa na mkulima mwingine.

Njia ya kurudi

Katika karne za mwisho za kijiji, vyungu vya udongo vilifika. Nafaka sasa iliweza kulowekwa na kupikwa mpaka ikalainika, na uji ukapatikana. Meno hayakuvunjika tena kama zamani, ingawa yalianza kuoza, kwa sababu uji wa wanga hung'ang'ania meno. Molleson aliona athari nyingine iliyo kubwa kuliko meno: mtoto anayeweza kunywa uji anaweza kuachishwa ziwa mapema, na mama aliyeacha kunyonyesha hushika mimba nyingine mapema. Watoto wakawa wengi na wa kufuatana, na kila kinywa kilichoongezeka kilidai unga wake juu ya lile jiwe.

Tunapouona mzunguko huo ndipo tunapoelewa kwa nini hakuna aliyeuvunja. Kikundi cha kwanza cha watu 200, mwaka mbaya ulipopita na mvua zikarudi, kingeweza kuacha vishamba vyake na kurejea kwenye kuchuma peke yake. Mji wa maelfu haukuwa na ruhusa hiyo. Nyika iliyowalisha mababu wasiozidi 200 isingeweza kulisha watu mara ishirini au thelathini ya hao, hata kama ingebaki kama ilivyokuwa, nayo haikubaki: miti ilikuwa imekatwa kwa kuni na nguzo, ardhi ilikuwa imelimwa, kondoo na mbuzi walikuwa wamekula machipukizi, na swala waliokuwa wakipita kila Aprili hawakupita tena kwa wingi. Ujuzi nao ulikuwa umekwenda. Katika meko ya mwisho hakuna tena ile mimea zaidi ya 150, na mtu asiyeila mimea hujifunza haraka kutoijua.

Kijiji kilihamwa karibu miaka 7,800 iliyopita. Waliofunga mizigo yao siku hizo za mwisho walikuwa wametanguliwa na vizazi zaidi ya 100 vilivyoishi hapo kwa ngano na shayiri za kupandwa.